Ritalin, muguka na vidonge vya moyo: je, vinamsaidia mchezaji wa gemu?

Swali: Habari daktari. Nina miaka 22, naishi Kisauni, Mombasa. Tuko watatu, tunacheza Tekken 8, gemu la mapigano, na tumejiandikisha kwa mashindano ya siku mbili Nairobi. Mwenzetu mmoja amepewa vidonge vya Ritalin na binamu yake, ambaye ameandikiwa na daktari kwa sababu ya ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kushika jambo moja. Wa pili hutafuna muguka usiku wa mazoezi na anasema unamfungua macho. Mimi shida yangu ni mikono: nikiitwa jukwaani inatetemeka, na nimeambiwa vidonge vya moyo vya propranolol vinaimaliza. Je, vitu hivi vinaongeza kiwango kweli au ni maneno ya vijiweni? Na huyo binamu, naye ni mchezaji, atazuiwa kushindana?

Jibu: Ndugu yangu, mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa pale dirishani kila mtu huniita hivyo na nimechoka kusahihisha. Si maneno ya vijiweni. Vichangamshi vina kazi mwilini na kazi hiyo inapimika. Ila kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kumrudisha aliyechoka pale alipokuwa kabla ya kuchoka. Aliyelala vizuri hupata kidogo sana, na wakati mwingine hupoteza.

Tuanze na hesabu za mchezo wenu. Tekken inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka kabisa, jabu, inafika kwa fremu 10, yaani kama milisekunde 167. Mtu mwenye afya akiambiwa abonyeze kitufe mara tu anapoona taa, hutumia kati ya milisekunde 200 na 250, na hapo hana cha kuchagua: ni taa moja na kitufe kimoja. Kwa hiyo hakuna anayeiona jabu ikija ndipo akaizuia. Aliyeizuia alikuwa ameshamsoma mwenzake. Kafeini, kichangamshi cha kwenye kahawa, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, humpunguzia mtu milisekunde chache katika kuitikia. Ikifanya vizuri sana ni fremu moja au mbili. Televisheni ya nyumbani ambayo haikuwekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 50 na zaidi. Hizo ni fremu tatu, na kuzirudisha ni kuingia kwenye mipangilio tu. Kabla ya kuuliza kidonge, niambie mnafanyia mazoezi kwenye skrini gani.

Sasa Ritalin. Dawa yenyewe inaitwa methilfenideti. Inazuia dopamini na noradrenalini zisifyonzwe upesi na chembe za neva, hivyo kemikali hizo zinakaa muda mrefu zaidi zikifanya kazi. Adderall, ambayo vijana wa Marekani huitaja sana, ni amfetamini. Yenyewe husukuma kemikali hizo zitoke kwa wingi. Kwa mwenye ADHD, kiwango kilichopimwa na daktari humsaidia kutulia na kushika jambo moja. Asiye na ADHD tayari ana kiasi kinachomtosha, na kikizidi, umakini haupandi tena. Unaanza kushuka. Mtu anakuwa na hamasa kubwa, anajiona mkali, huku maamuzi yake yakiharibika.

Najua mtaniambia kwamba wachezaji wakubwa wametumia. Ni kweli. Mwaka 2015 Kory Friesen, anayejulikana kwa jina la Semphis, alisema kwenye mahojiano kwamba yeye na wenzake walikuwa wametumia Adderall kwenye mashindano makubwa ya Counter-Strike, gemu la bunduki, huko Katowice, Poland. Kelele ikawa kubwa, na kampuni ya ESL iliyoandaa mashindano yale ikaanza kupima mate ya wachezaji mwezi Agosti mwaka huohuo huko Cologne, Ujerumani. Vipimo vyote vikatoka safi. Lakini kwamba mtu alitumia si ushahidi kwamba ilimsaidia. Kwa hilo inabidi watu wapewe dawa na vidonge bandia bila kujua kipi ni kipi, kisha matokeo yalinganishwe.

Jaribio la namna hiyo lililo karibu zaidi na shughuli yenu ni la sataranji. Watafiti wa Ujerumani waliwachukua wanaume 39 wanaocheza sataranji ya mashindano, wakawapa kwa siku tofauti methilfenideti, modafinili (dawa ya kuzuia usingizi), kafeini au kidonge kisicho na dawa, kisha wakawachezesha dhidi ya kompyuta, kila mmoja akiwa na dakika 15 kwa mchezo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliokunywa dawa walifikiri kwa muda mrefu zaidi kila hatua, na wengi zaidi wakapoteza michezo kwa kuishiwa na muda. Ukiiondoa ile michezo iliyopotea kwa saa, alama zao zilikuwa juu kidogo. Kwa maneno mengine, dawa iliwafanya wachimbe zaidi, na kuchimba kunataka muda. Katika sataranji ya saa nyingi huenda hilo likafaa. Katika Tekken raundi ina sekunde 60, na kila uamuzi ndani yake una sehemu ya sekunde moja tu.

Kuna jaribio jingine la Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, la mwaka 2023, na mimi ndilo linalonishawishi zaidi. Watu 40 wenye afya walipewa fumbo la kupanga vitu ndani ya begi: kila kitu kina uzito na thamani yake, begi lina kikomo, tafuta mpangilio wenye thamani kubwa kuliko yote. Walipotumia methilfenideti, modafinili au amfetamini walihangaika zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi, wakatumia muda mrefu zaidi, na ubora wa kazi yao ukashuka. Kibaya zaidi, waliokuwa juu ya wastani bila dawa ndio walioelekea kuanguka chini ya wastani walipoitumia. Mwambie mwenzako hilo kabla hajameza. Ikiwa yeye ndiye mkali wenu, ndiye mwenye cha kupoteza.

Muguka na miraa ni mmea mmoja kitaalamu, hata kama bei na majani vinatofautiana, na sitaingia kwenye mabishano yale ya mwaka 2024 kaunti yetu ilipoupiga muguka marufuku. Kinachochangamsha ndani yake ni kathinoni, iliyo ndugu wa karibu wa amfetamini. Ndiyo maana mwenzenu anafunguka macho: maongezi yananoga, usingizi unakimbia, moyo unaenda mbio. Halafu handasi, ule mchangamko wa muguka, zinaisha na kinachofuata mnakijua: kununa, uchovu, na usiku usio na usingizi. Kwa mchezaji shida iko kwenye kujizuia. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwapima watu wanaotafuna mara kwa mara, wakakuta wanapata taabu zaidi kusimamisha kitendo walichokwisha kukianza, na pia kubadilisha haraka taarifa wanazozishika kichwani, kuliko wasiotafuna. Sasa fikiria mechi yenu: adui anakuonyesha mwanya wa uongo, kidole gumba kimeshaanza safari, na unatakiwa ukirudishe. Ujuzi wa Tekken uko hapo hasa. Isitoshe kathinoni iko kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ya vitu vilivyokatazwa siku ya mashindano, kwa hiyo hata pale kutafuna kunaporuhusiwa na sheria, hilo halimwokoi mtu kwenye mashindano yanayofuata orodha hiyo. Na ikiwa katika kundi lenu kuna anayefikiria kuchanganya muguka na Ritalin, hapo naacha lugha ya ushauri: asifanye. Vyote viwili vinapandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na vikikutana vinasaidiana.

Kilichobaki chenye faida halisi na hatari ndogo ni kafeini. Utafiti uliofanyiwa wachezaji 15 wa kulipwa wa gemu na kuchapishwa mwaka 2020 ulitumia miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, na wakaitikia haraka zaidi na kulenga vizuri zaidi. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni karibu miligramu 195, ambazo tayari zinakaribia 200, kiwango ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asikipite kwa mara moja; kwa siku nzima ni 400. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Kahawa chungu ya kwenye dele siwezi kukupa hesabu yake, kwa sababu kila muuzaji na mkono wake. Ningeanza na nusu ya kiwango cha utafiti, dakika 45 kabla ya mechi, na ningeijaribu nyumbani kwanza. Kama hunywi kahawa kila siku, utaisikia sana, na mikono yako inayotetemeka itatetemeka zaidi. Kama unakunywa kila siku, sehemu kubwa ya unachokiita nguvu ni kuondoa tu uzito wa kuikosa tangu jana.

Angalia pia saa. Kafeini hupungua kwa nusu baada ya kama saa tano. Kuna jaribio lililoonyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala ziliwapunguzia watu usingizi kwa zaidi ya saa moja. Mashindano yenu ni ya siku mbili. Anayejichangamsha saa mbili usiku ili amalizie mechi za Jumamosi anaikopa Jumapili, na riba yake ni kubwa: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 huitikia vibaya kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na mara nyingine vibaya zaidi. Mnatoka Mombasa, msisafiri na basi la usiku mkafikia ukumbini. Nendeni siku moja kabla.

Nije kwenye mikono yako. Propranolol ni dawa ya moyo na shinikizo la damu ya kundi la beta-bloka. Inaziba vipokezi ambavyo adrenalini huvitumia kuharakisha moyo na kutetemesha misuli, kwa hiyo aliyekuambia inazuia kutetemeka hakudanganya. Wanamuziki wanaitumia, na wapiga shabaha walijaribu: Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali ya fedha na ya shaba kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa kukutwa nayo. Lakini mpiga bastola anahitaji mkono usiosogea kabisa. Wewe unahitaji vidole vinavyosogea, kwenye vitufe ambavyo havijali kama kidole kilitikisika kidogo njiani. Dawa hii haigusi sana ile hofu ya kichwani, na moja ya athari zake zinazojulikana ni vidole kuwa baridi. Kwa mtu anayecheza kwa padi ya gemu, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, sioni umepata nini.

Sababu kubwa ya kukukataza ni nyingine: hukuniambia kama una pumu. Propranolol inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi ikawa dharura, na wapo ambao walidhani pumu yao iliisha utotoni. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa inaweza pia kuficha dalili za sukari kushuka. Ndiyo maana huandikwa na daktari aliyekupima. Kama kutetemeka kunakujia hata ukiwa nyumbani umetulia, nenda hospitali wakuangalie tezi ya shingo na mengineyo. Kama ni jukwaani tu, vaa kitu cha kupasha mikono moto ukisubiri zamu, pumua taratibu, kama pumzi sita kwa dakika, ukirefusha kutoa hewa kuliko kuvuta, na chezeni mazoezi mbele ya watu wanaopiga kelele. Watu wa mtaani kwenu watakufanyia hiyo kazi bila malipo.

Hukuuliza kuhusu Valium, lakini anayetafuta propranolol huwa hakosi mtu wa kumpa Valium badala yake. Hiyo inatuliza kichwa na mikono pamoja, na inapunguza kasi ya kuitikia na kumbukumbu, kama pombe. Haina nafasi hapa, na mazoea yake ni magumu kuyaacha.

Kuhusu binamu: tume ya uadilifu ya michezo ya gemu, ESIC, iliyoanzishwa mwaka 2016, ina orodha yake ya dawa zilizokatazwa, na methilfenideti imo, pamoja na amfetamini na modafinili. Lakini mwenye ugonjwa uliothibitishwa na cheti cha daktari anaweza kuruhusiwa kuendelea na dawa yake. Kwanza aulize waandaaji wanafuata kanuni za nani, maana mashindano mengi ya hapa kwetu hayapimi kabisa na mengine yanafuata orodha ya WADA. Kisha aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya mashindano, akiambatanisha barua yenye jina la ugonjwa, dawa na kiwango. Asiache dawa ili apite vipimo. Na vile vidonge alivyompa mwenzenu avichukue: Ritalin ni dawa inayodhibitiwa, kumpa mwingine ni kosa kisheria, na yeye mwenyewe atapungukiwa kabla ya tarehe ya kuandikiwa tena.