Maswali ya kura: umeisoma Fomu 34A ya kituo chako?

Wiki hii nimeweka kando maswali ya mashamba na mirathi. Barua nyingi zilizonifikia zinahusu uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027, na wengi wanauliza ni nani anayeilinda kura ikishaingia sandukuni.

Nimepoteza kadi ya mpigakura. Nitaruhusiwa? (Likoni)

Ndiyo. Nenda na kitambulisho au pasipoti, ile hati uliyojiandikisha nayo. Hili nimelijibu mara nyingi, tafadhali mwambieni na jirani. Na yeyote anayekuja na noti mkononi akuombe "umwekee" kitambulisho chako hadi uchaguzi upite, huyo anakunyang'anya kura. Mfukuze, kisha umripoti kwa polisi.

Baba ni mvuvi, alama za vidole zimefutika. Kifaa kikimkataa? (Kilifi)

Afisa msimamizi wa kituo atamtafuta kwa nambari ya kitambulisho kwenye kifaa hichohicho cha KIEMS, kile cha kielektroniki cha kumtambua mpigakura. Akimpata, atajaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama na wagombea, na mzee atapiga kura yake. Kifaa chenyewe kikifa na kisipatikane kingine, kuna sajili iliyochapishwa, kama ilivyotumika sehemu za Kakamega na Makueni mwaka 2022. Kubwa ni kwamba asitoke kwenye foleni. Aliye foleni saa kumi na moja jioni ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Wazee wengi huambiwa "mashine imekukataa" wakarudi nyumbani kimya, na hilo huniuma kuliko wizi wowote mnaoniandikia.

Kuna faida gani kupiga kura kama matokeo kwenye seva hubadilishwa usiku? (Kisumu, Nyeri, Mombasa na kwingineko)

Swali hili huja kila wiki, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kwamba alisoma Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za rais, ya kituo chake. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, na nawaomba msome hadi mwisho.

Kura za Kenya zinahesabiwa kwa mkono, papo hapo kituoni. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hivyo ni kazi ya usiku mmoja. Afisa huinua karatasi moja moja, hutaja aliyepigiwa, huwaonyesha mawakala. Wakala asiporidhika anaweza kudai kura zihesabiwe upya, hadi mara mbili. Idadi huandikwa kwenye Fomu 34A, inatiwa sahihi, mawakala wanapata nakala, na nakala moja hubandikwa pale kituoni kila mtu aione. Picha ya fomu hiyo ndiyo inayotumwa Nairobi. Anayetaka kubadilisha idadi akiwa kwenye seva atakuwa anapingana na karatasi zilizo mikononi mwa watu kila pembe ya nchi.

Hatukufika hapa kwa bahati. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai, ilisema kituo cha kupigia kura ndipo mahali halisi pa uamuzi wa mwananchi. Mnamo Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na dosari kubwa zilikuwa katika fomu na namna matokeo yalivyotumwa. Ndiyo maana mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi (IEBC) iliweka fomu za vituo 46,229 wazi mtandaoni, mtu yeyote ajijumlishie. Kesi ilipofika mahakamani, fomu za mtandaoni zililinganishwa na zile za karatasi, na haikupatikana tofauti ya maana.

Kura huibiwa pale ambapo wakala hayupo. Niliwahi kuwa wakala katika shule moja ya msingi. Mwenzangu wa chama kingine aliondoka saa nne usiku kwenda kula, akarudi alfajiri, akatia sahihi fomu ambayo hakuiona ikijazwa. Chama kinachotumia mamilioni kwa helikopta kisha kikamnyima wakala wake chajio na nauli kisije kulia wizi. Na mawakala mjue: kukataa kutia sahihi hakubatilishi matokeo. Andika sababu zako kwenye fomu.

Niko Seattle. Kwa nini tusipige kura kwa posta kama majirani zangu? (Msomaji wa ughaibuni)

Jimbo lako lina anwani ya kila nyumba. Ofisi ya uchaguzi ya kaunti hulinganisha sahihi ya kwenye bahasha na ile iliyo kwenye kumbukumbu, na zisipofanana humtafuta mwenyewe arekebishe. Hapa kwetu barua huishia kwenye sanduku la posta la shule au la mwajiri. Tena, karatasi sita za kura zikijazwa mezani nyumbani, baba wa nyumba atajaza za wote. Pale kituoni mke huingia peke yake, hakuna wa kumchungulia. Siitaki kura ya posta Kenya.

Lakini malalamiko yako ni ya haki. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, tena ya rais pekee, na Marekani nzima ilikuwa na vituo Washington D.C., New York na Los Angeles. Mfanyakazi wa zamu hawezi kupanda ndege kwenda kupiga kura. Idaini Tume vituo zaidi sasa, msingoje 2027.

Mama haoni vizuri. Nani amsaidie? (Lamu)

Mtu mzima anayemwamini mwenyewe, baada ya kujaza Fomu 32. Msaidizi husaidia mpigakura mmoja tu. Ukiona kijana anawashika mkono wazee watano kwa zamu, mwite afisa hapohapo.

Naweza kupiga picha kura yangu niweke WhatsApp? (Nakuru)

La. Picha hiyo ndiyo risiti anayodai mnunuzi wa kura. Piga picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni, ionyeshe jina na nambari ya kituo, idadi zote na sahihi za chini.