Re: Chaza wa baada ya mvua, ndimu inatosha?

Dada, umeuliza kama chaza waliookotwa karibu na mlango wa Mto Sigi, Tanga, baada ya mvua kuzoa kinyesi hadi majini, watasafishika kwa ndimu. Hapana. Chaza huchuja maji mengi kutwa nzima, na virusi vya homa ya ini A au norovirusi (virusi vya kuhara na kutapika) hubaki ndani ya nyama yake, si kwenye gamba. Jua kali hupunguza virusi majini, lakini vikizama kwenye tope la mikoko hudumu wiki kadhaa, hata pale bakteria wa kinyesi wameshakufa. Kwa hiyo kipimo cha bakteria peke yake kisikudanganye. Ukiwapika, gamba likifunguka tu, usiepue! Katikati ya nyama pafike nyuzi joto 90 kwa sekunde 90. Na watoto wasionje mbichi, nakuomba sana.