Soma alama kabla ya kuandika HR (uwiano wa hatari): kwa mnaoanza modeli za uhai zenye athari nasibu

Kila wanapoingia watu wapya kwenye uchambuzi wa muda hadi tukio, makosa ya waliowatangulia huingia nao. Jedwali linaletwa likiwa nadhifu, nyota zimepangwa vizuri, na chini yake pana sentensi inayosema kinyume cha kilichowapata wagonjwa. Inauma, kwa sababu wanaoandika sentensi hizo si wavivu. Wamekesha na msimbo, wamesoma maelezo ya amri mstari kwa mstari, ila hakuna aliyewaambia kwamba programu mbili zaweza kutoa namba zenye alama tofauti kwa modeli ile ile, na zote zikawa sahihi. Basi yasemwe hapa. Nachukulia kwamba `stset` ya Stata na `Surv()` ya R mnazijua, na mmeshafanya modeli ya Cox mara za kutosha.

1. Anza bila athari nasibu. Endesha modeli ya Weibull tupu, andika pembeni logi-laikilihudi (kipimo cha jinsi modeli inavyoifaa data), p (kigezo cha umbo: juu ya 1 hatari inapanda na muda, chini ya 1 inashuka) na koefisienti, ndipo uongeze athari nasibu ya kituo, yaani tofauti ya kituo na kituo ambayo vigeu havikuieleza. Badili siku ziwe miaka kabla ya yote: HR na p hazitikisiki, kinachobadilika ni kidumu, na programu hupata jibu kwa wepesi zaidi. Angalia pia muda wa sifuri. `survreg` ya R itaukataa kwa kelele, lakini `stset` itaiweka kando rekodi hiyo, iandike taarifa ya mstari mmoja, kisha iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliokufa siku ileile ya kulazwa ndio hao. Ukiwapoteza, umewaondoa wagonjwa mahututi kuliko wote. Wape nusu siku, na useme hivyo kwenye ripoti.

2. Soma alama, kisha soma skeli, ndipo uandike. Hapa tutakaa kidogo.

Tuseme data ni ya vituo vingi, `tiba` ni 0 au 1, na kila kituo kina athari yake nasibu. Ukiendesha `mestreg i.tiba || kituo:, distribution(weibull)`, Stata itafanya kazi katika mfumo wa PH (hatari zenye uwiano usiobadilika) na kukuonyesha moja kwa moja uwiano wa hatari. Tuseme ni 1.65. Nyuma yake kuna koefisienti 0.5, na p ni 1.25. Mwenzako anachukua faili hilohilo, anakwenda R, anatumia `survreg` au `brms`. Ukiacha kando tofauti ndogo zinazotokana na mbinu ya kukadiria, koefisienti yake ya tiba itakuwa −0.40.

Anachofanya baada ya hapo ndicho kinachotokea tena na tena. Anakumbuka kwamba kwenye Cox koefisienti hupandishwa kwenye kipeo cha e. Anapata 0.67. Anaandika: tiba imepunguza hatari ya kifo kwa asilimia 33. Kumbe data inasema hatari imepanda kwa asilimia 65.

Hiyo 0.67 ni uwiano wa muda. `survreg` hukadiria logi ya muda, yaani AFT (modeli ya kurefusha au kufupisha muda): namba hasi maana yake muda umefupishwa, na hapa muda wa waliopata tiba umebaki theluthi mbili ya muda wa wenzao. Ili kurudi kwenye hatari, gawanya kwa skeli na ugeuze alama. Skeli ya `survreg` ni 1/p, hapa 0.8, −(−0.40)/0.8 ni 0.5, na e kwa kipeo cha 0.5 ni 1.65. Namba zimekutana. Mipaka ya juu na ya chini ya kiwango cha kujiamini usiigawe kwa skeli kwa mkono, kwa kuwa skeli nayo imekadiriwa na ina kosa lake. Tumia `nlcom` kwenye Stata au njia ya delta kwenye R.

Mbona kosa hili halikamatwi? Kwa sababu kila kitu kingine kinaonekana sawa. Thamani za p za majaribio zinakaribiana, programu haijatoa onyo, na 0.67 ndiyo namba ambayo kila mtu mezani alitamani kuiona. Kosa linaloelekea upande wa matumaini hupita bila kuhojiwa. Kinga yake ni ya dakika mbili: chora Kaplan–Meier (mkunjo wa wanaobaki hai) kwa makundi mawili. Kama mstari wa waliotibiwa uko chini na wewe umeandika kwamba tiba inasaidia, simama hapohapo.

Kosa hili lina ndugu zake. Stata huchapisha `/ln_p` kabla ya p. Kwa p ya 1.25 utaona 0.223. `survreg` huchapisha `Log(scale)`, nayo itakuwa −0.223. Anayechukua ile 0.223 akaiita p huhitimisha kwamba hatari inashuka kadiri muda unavyokwenda, kwa kuwa iko chini ya 1, ilhali inapanda. Mwingine huweka Weibull na log-normal kwenye jedwali moja, anaona alama zimegeuka, anasema modeli hazikubaliani. Log-normal haina mfumo wa PH kabisa. Stata hukupeleka AFT bila kukuuliza. Safu moja inaongelea hatari, nyingine inaongelea muda, na zinakubaliana vizuri tu. Kubadilisha AFT kuwa PH kwa kugawanya na skeli ni haki ya Weibull na exponential peke yake. Usiijaribu kwenye log-logistic.

Na ukibadilisha, tumia p ya modeli ileile. Kupuuza frailti (athari nasibu inayozidisha hatari) huivuta p chini: vituo vyenye hatari kubwa hupoteza watu mapema, wanaobaki ni wa vituo imara, na hatari ya jumla huonekana kupungua. Ukishaingiza kituo, p kwa kawaida hupanda. Kuchukua koefisienti ya modeli yenye frailti na p ya modeli isiyo nayo ni kuunganisha vipande vya modeli mbili.

3. Ulizia variansi iko kwenye kipimo gani. Turudi kwenye mfano uleule. Variansi ya kituo kwenye logi ya hatari ikiwa 0.40, basi ukiongeza chaguo la `time` kwenye `mestreg` utapata 0.256, kwa sababu athari nasibu sasa iko kwenye logi ya muda na imegawanywa kwa p mraba. `brms` itakuonyesha 0.506, kwa kuwa yenyewe hutoa mkengeuko sanifu, si variansi. Namba tatu, kituo kilekile. `streg` yenye `frailty()` ni tofauti: hata ukiomba `time`, frailti yake inaendelea kuzidisha hatari.

Tena theta ya gamma siyo sigma mraba ya log-normal. Theta ni variansi ya frailti yenyewe, ambayo wastani wake ni 1. Sigma mraba ni variansi ya logi ya frailti, ikiwa 0.40, variansi ya frailti yenyewe ni kama 0.73. Wanaolinganisha `parfm` (kifurushi cha R) ya gamma na `mestreg` kwa kutazama namba hizo mbili bega kwa bega wanapoteza muda wao. Kwa msomaji wa ripoti, geuza: kwa gamma, tau ya Kendall (kipimo cha jinsi muda wa watu wa kundi moja unavyofuatana) ni theta/(theta+2). Kwa log-normal, HR ya mediani ni e kwa kipeo cha 0.6745 mara kipeuo cha pili cha 2σ². Kwa 0.40 unapata takriban 1.83: ukiokota wagonjwa wawili wanaofanana kutoka vituo viwili tofauti, katika nusu ya jozi kama hizo uwiano wa hatari kati ya kituo kibaya na kizuri unazidi hapo. Hilo daktari analielewa mara moja.

Jaribio la kwamba variansi ni sifuri liko mpakani, kwa kuwa variansi haiwezi kuwa hasi. Mpaka wa asilimia 5 wa jaribio la uwiano wa laikilihudi ni 2.71, si 3.84. Stata hulifanya yenyewe na kuandika `chibar2(01)`. Ukihesabu kwa mkono kwenye R, gawanya thamani ya p kwa mbili.

4. Jua klasta yako (kundi linaloshiriki athari nasibu moja) ni nani. Vituo vingi huanza kuhesabu wagonjwa kutoka 1. Ukiweka `id(mgonjwa)` kwenye `stset`, mgonjwa 1 wa kila kituo anageuka kuwa mtu mmoja, na ukiwa na bahati utaona onyo la rekodi zinazogongana. Tengeneza namba mpya kwa `egen pid = group(kituo mgonjwa)` kabla ya chochote.

Kisha kuna wanaoipa kila mtu frailti yake ilhali kila mtu ana tukio moja tu. Kwenye Stata ni rahisi kuangukia hapo: `frailty(gamma)` bila `shared()` ni hiyo hasa. Modeli itakubali, theta itatoka, na jedwali litapendeza. Lakini taarifa hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye umbo la Weibull ulilolichagua wewe. Weibull yenye frailti ya gamma ya mtu mmoja mmoja, theta ikiwa 1, ni log-logistic kamili: S(t) = 1/(1+λt^p). Kwa hiyo theta ya 1 yaweza kumaanisha kwamba watu wanatofautiana sana kwa siri, au kwamba hakuna frailti yoyote na mgawanyo sahihi tangu mwanzo ulikuwa log-logistic. Data hiyo haiwezi kukuambia ni lipi. Mpe mtu frailti yake pale anapokuwa na matukio yanayojirudia; vinginevyo iweke kwenye kituo, familia au kijiji cha utafiti. Na vituo vitano havitoshi kukadiria variansi. Viingize kama vigeu vya kawaida, yaishe.

5. Ongeza nukta za integrali, yaani zile ambazo programu hutumia kujumlisha juu ya athari nasibu. `mestreg` huanza na 7. Rudia kwa `intpoints(15)`, kisha 31. Variansi ikihama kwenye tarakimu ya pili, zile 7 zilikuwa zinakudanganya.

6. Walioingia wamechelewa. Aliyeanza kufuatiliwa mwaka wa tatu amekwisha kuvuka miaka miwili ambayo wengine hawakuivuka, hivyo frailti ya wanaoingia haina tena wastani wa 1. Ndiyo maana `streg` yenye `shared()` hugoma ikikuta kuchelewa kuingia au mapengo. Kuna chaguo la `forceshared` linaloinyamazisha, na watu hulitumia kama ufunguo wa mlango. Usilitumie mpaka uwe na sababu unayoweza kuiandika. Laikilihudi sahihi hugawanywa kwa uwezekano wa kundi zima kufika muda wa kuingia, ukiwa umeintegretiwa juu ya frailti. Kama programu yako haifanyi hivyo, rudi kwenye kosa sanifu la klasta. Rekodi zilizokatwa kwa `stsplit` si tatizo, mradi `id()` iwepo na mtu aanzie sifuri. `survreg` yenyewe haipokei kabisa umbo la mwanzo–mwisho.

7. HR hiyo ni ya ndani ya kituo. Ukishaijumlisha kwa watu wote, kwa frailti ya gamma au log-normal hatari haziwi tena na uwiano usiobadilika. Hufifia kuelekea 1 kadiri muda unavyokwenda. Ukitaka mkunjo wa watu wote kwa ujumla, omba `predict ..., surv marginal`. `conditional(fixedonly)` inakupa kituo cha mediani.

8. Kwa wa `brms` peke yao. Kwenye `cens()`, 1 maana yake muda umekatizwa upande wa kulia. Ni kinyume cha safu yenu ya tukio, ambako 1 ni kifo. Andikeni `muda | cens(1 - tukio) ~ tiba + (1 | kituo)`. Ukikosea hapo wafu wanakuwa hai na walio hai wanakufa, minyororo ya sampuli inatulia vizuri, Rhat (kipimo cha kutulia huko) ni 1.00, na hakuna onyo popote.

9. Tengeneza data ya uongo kwanza. Vituo 50, wagonjwa 20 kila kimoja, tiba kwa kurusha sarafu. Chora u kutoka mgawanyo wa kawaida wenye variansi 0.4, p iwe 1.5, λ iwe 0.1, koefisienti 0.5. Muda ni (−log(U) / (λ·exp(0.5·tiba + u)))^(1/p), ambapo U ni namba nasibu kati ya 0 na 1, wakatize wote mwaka wa tano. Kisha endesha msimbo wako halisi bila kubadilisha herufi. `mestreg` iwe karibu na 0.5, 1.5 na 0.4, `brms` iwe karibu na −0.33, umbo 1.5, na mkengeuko sanifu wa 0.42. Ikitoka 0.33 bila alama ya kutoa, au umbo likawa 0.67, chanzo cha kosa kiko kwenye mistari yako michache ya kwanza. Rudia mara mia kwa mbegu tofauti za nasibu kabla hujagusa faili la wagonjwa.