Kabla hujampa maji mgonjwa wa kiharusi

Mdogo wangu unayeanza kazi wodini, mgonjwa wa kiharusi akifikishwa uliza kwanza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Aliyeamka mdomo umekwenda upande, muda wake unahesabiwa tangu alipolala. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo jibu hilo ni zito. Pima sukari papo hapo, maana ikishuka sana mtu huonekana kama amepooza. Aspirini isubiri picha ya ubongo. Kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi: kumeza. Nikiwa mgeni kazini nilimtazama binti akimnywesha maji baba yake. Mzee hakukohoa hata mara moja, nami nikaridhika. Alipozungumza, sauti ilikuwa na majimaji, kama ya mtu anayesukutua. Siku ya tatu alikuwa na homa, anahema: nimonia. Sikujua bado kwamba kiharusi kinaweza kuondoa hata kikohozi, maji yakaingia mapafuni kimya kimya.

Tangu hapo kwangu hakiingii kitu kinywani, hata kidonge, mpaka kumeza kupimwe. Awe macho kabisa, umkalishe wima, umpe maji kijiko kimoja kimoja, kisha aseme "aaa" huku ukisikiliza. Akikohoa au sauti ikibadilika, acha na umwite daktari. Waeleze ndugu sababu. Ukikataza tu, watamnywesha ukigeuka. Na kinywa kisafishwe kila siku, kwani mate machafu nayo huteremka.

Mgeuze kila baada ya saa 2. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka upesi.

Asiyeweza kusema usidhani amepoteza akili. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, moja moja, halafu unyamaze umsubiri, hata kama wodi imejaa. Mama mmoja alihangaika kitandani asubuhi nzima, tukaandika kwamba amechanganyikiwa. Nikamshika mkono mzima nikamuuliza: maumivu? Kimya. Kiu? Kimya. Mkojo? Akanibana vidole kwa nguvu zote. Kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinaonekana juu ya kinena.