Milivolti 120 chini ya bati: busta yako si mbovu

Mdogo wangu wa Muheza, umesema umebandika kigae cha Peltier, kile kinachotoa umeme upande mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi, chini ya bati la paa, upande wa pili ukaweka mapezi ya alumini ya kupozea, na saa saba mchana mita inasoma milivolti 120. Ukaunganisha busta ya USB, kibao cha kupandisha volti, kimya. Unauliza kama busta imekufa, na kama ukipata nyingine utachaji simu.

Busta ni nzima. Transista ya silikoni, swichi ndogo ya umeme iliyo ndani yake, inataka kama volti 0.6 ndipo ifunguke na kupitisha umeme, na vibao vingi vya USB huanza kwenye volti 0.9 hivi. Umekibishia hodi kwa sauti kisichoweza kuisikia.

Nimepita njia hiyo hiyo hapa Tanga, kwenye banda la kuku Pongwe. Nilitaka kipimajoto kinachonitumia joto la banda bila kubadilisha betri, maana kuku wa nyama joto likizidi wanaanza kuhema, na ukichelewa wanakufa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye joto lenyewe, saketi nilikuwa sijaifikia. Bati linaunguza mkono, kivulini kuna nyuzi 31, nikaamini nina tofauti kubwa. Lakini kigae cha sentimita 4 kwa 4 chenye jozi 127 za vipande vidogo vya kuzalisha umeme hutoa takribani milivolti 50 kwa kila nyuzi moja kati ya nyuso zake mbili. Kwa hiyo milivolti 120 zako ni nyuzi mbili na nusu tu. Zilizobaki zimeishia kwenye mapezi: hewa iliyotulia haipokei joto vizuri, mapezi yanapata moto mpaka yanakaribia kulingana na bati. Niliyatoa, nikafunga kipande kinene cha alumini kilichopinda, ncha moja imekibana kigae kwa mafuta meupe ya kupozea, ncha nyingine imezama kwenye ndoo ya maji ya lita 20. Mita ikapanda hadi milivolti 400. Shilingi niliyotumia hapo ilinifaa kuliko kibao chochote nilichonunua.

Usomaji huo, hata hivyo, ni wa kigae kisichovutwa umeme. Ndani yake kuna ukinzani wa kama ohmu 2, na nguvu kubwa kabisa unaipata pale volti zinaposhuka hadi nusu. Kwako wewe, 0.12 kwa 0.12, gawanya kwa 8: miliwati 1.8. Simu inataka wati 5, yaani miliwati 5,000. Simu isahau. Kipimajoto changu kinaamka kila dakika 10, kinatuma kwa sekunde 2 kikivuta miliampea 20 kwa volti 3.3. Wastani wake ni miliwati 0.22, na hiyo inalipika.

Sasa saketi. Nilijaribu ile ya kupandisha volti yenye koili mbili kwenye pete ya feraiti, aina ya sumaku, na transista moja. Ya silikoni haikugutuka. Nikachomoa transista ya jemaniamu kwenye redio ya zamani, ikashika kwenye volti 0.3 hivi, ikifika saa tisa alasiri imezima. Dawa ni swichi inayopitisha umeme hata pasipo volti ya kuiamsha. Mkondo unapita wenyewe kwenye koili ndogo ya transfoma ya 1 kwa 100, koili kubwa inazaa volti mara mia, volti hizo zinairudia swichi na kuizima, inawaka tena, na mtikisiko unaendelea wenyewe. Milivolti 20 zinakuwa volti 2. Ndivyo inavyofanya chipu ya LTC3108 ya kampuni ya Linear Technology, ambayo sasa iko chini ya Analog Devices: inaanza kwa milivolti 20.

Nikaifunga. Mchana kazi safi, baada ya magharibi ikafa. Niliichomoa na kuichomea upya mara mbili kabla sijaweka mita: milivolti 90, lakini hasi. Usiku bati linamwaga joto lake kwenye anga na kuwa baridi kuliko maji ya ndoo yaliyopashwa mchana. Joto limegeuka njia, na umeme umegeuka nalo. LTC3108 inapokea upande mmoja tu. Nduguye LTC3109, yenye transfoma mbili, inapokea pande zote na huanza kwa milivolti 30. Wengi wameniuliza kwa nini sikuweka sola ndogo. Kama una jua na kazi yako ni ya mchana, weka sola, ni rahisi zaidi. Mimi nilipoona mita inasoma usiku wa manane ndipo nilipoipenda kazi hii.

Waya uwe mfupi na mnene, nusu ohmu tu ni robo ya ukinzani wa kigae chako. Viungo vichomee kwa risasi, usisokote, hewa yetu ya chumvi itavila. Masika mawingu yakifunika bati halipoi vizuri, hapo kapasita ya faradi 1, inayotunza umeme, ndiyo inayonivusha hadi alfajiri.

Anza na alumini na ndoo. Kabla hujanunua chipu, nipe usomaji wa saa saba mchana na wa saa nne usiku.