Ukipata zamu ya kupiga seli eksirei, hangaika na chipu kwanza

Wadogo zangu wa maabara wananiuliza sana wajiandae vipi kwenda sinkrotroni, ile mitambo mikubwa ya eksirei kama ESRF ya Grenoble kule Ufaransa au PETRA III ya Hamburg, na mimi nawaambia mwale usiwape presha, wenyeji wa pale wanaujua, kitakachowatoa jasho ni chipu, yaani kile kibapa chenye mifereji myembamba ambamo seli zinapita huku zikipigwa eksirei.

Wengi tumezoea chipu za PDMS, ule mpira laini unaoona ndani, kwa darubini ya kawaida safi kabisa ila kwa eksirei ni balaa, una silikoni kibao inayomeza mionzi na kuitawanya, na ukipigwa muda mrefu unakakamaa. Sasa pale mwale unapopita weka dirisha la Kapton, ile plastiki nyembamba ya manjano, au la silikoni naitraidi, utando mgumu mwembamba sana. Naitraidi unaipata hadi chini ya mikromita 1, picha inatoka safi, lakini ukiendesha pampu ya sindano kwa pupa inapasuka hapohapo. Kapton ni vumilivu ila inaacha mduara wake kwenye picha, ndo maana lazima upige kwanza bafa tupu (yale maji ya chumvi ya kuwekea seli), chipu ileile, sehemu ileile ya mfereji, halafu ndo uingize seli. Na mfereji usiwe na kina kirefu, kwenye eksirei ya nishati ya keV 8 maji ya milimita 1 tu yanakula karibu theluthi mbili ya mwale!

Halafu viputo, jamani viputo. Bafa ikitoka kwenye friji ikaingia kwenye chipu inapata joto, hewa inajitenga, kiputo kinanasa kwenye kona ya mfereji kinatulia weee, kikiachia kinapita na seli zako zote zilizoshika dirishani. Itoe hewa kwa vakyumu kabla, na iache ifikie joto la chumba.

Kuhusu mtiririko, usiuzime. Mionzi inavunja maji na kutoa radikali, vipande vikali vya molekuli vinavyoharibu seli, bafa inayotembea inazibeba zisirundikane. Ila haiokoi seli yenyewe iliyopigwa, grei (kipimo cha dozi ya mionzi) chache tu zinatosha kuizuia isigawanyike tena na skani ya mwale mwembamba inafika mamilioni ya grei, kwa hiyo kila sehemu piga mara moja tu uhamie mpya, ukirudia unapima uharibifu.

Beba chipu za akiba nyingi kuliko unavyodhani, na kila moja ilale usiku mzima na maji ya rangi kabla hujasafiri, inayovuja iache nyumbani.