Kumsaka babu Mjerumani wa Milwaukee: usianzie Ujerumani

Dada, nimekuelewa: babu wa mume wako alitoka Ujerumani akafia Milwaukee, Marekani, na mlichobaki nacho ni jina tu. Bila jina la kijiji, huko Ujerumani utazunguka bure, kwani rejista za zamani zilitunzwa parokia kwa parokia, na sensa za Marekani mara nyingi ziliandika "Prusia" basi, yaani dola ya zamani iliyotawala sehemu kubwa ya Ujerumani.

Anza na sensa ya 1900. Ina safu ya mwaka aliohamia na ya uraia. Ya 1890 iliteketea karibu yote, usiisumbukie. Kisha ulizia faili lake la kuomba uraia wa Marekani. Kabla ya Septemba 1906 hata mahakama za kaunti jirani zilipokea maombi. Faili za enzi hizo ni fupi, msikate tamaa.

Penye utajiri ni kanisani. Mchungaji wa Kilutheri aliyetoka kwao alijua tofauti ya kijiji na kijiji, na mara nyingi aliandika mahali pa kuzaliwa kwenye rejista ya ndoa au maziko. Mwandiko wake ni wa Kijerumani cha kale, tafuteni anayeusoma.

Jina mlitafute kwa sura zote: Müller, Mueller, Miller. Karani aliandika alichosikia. Na miti ya ukoo ya mtandaoni msiiamini mpaka muone hati yenyewe. Watu wananakiliana makosa.

Kama mnawinda pasipoti ya Ujerumani kupitia kwake, muoneni mwanasheria kabla ya kumlipa yeyote: kwa sheria ya zamani, Mjerumani aliyekaa nje miaka 10 aliweza kupoteza uraia.